Sauti Iliyotaja Saa

Aksanti kwa vikundi vyote vinavyosoma gazeti hili kwa sauti, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza huku mikono ikichambua maharagi. Habari ya leo inawafaa ninyi hasa, maana ni habari ya sauti.

Zamani, katika nchi zenye simu nyingi za waya, kulikuwa na namba ambazo ukizipiga hajibu mtu. Inajibu sauti iliyorekodiwa. Inakuambia ni saa ngapi, au mvua itanyesha kesho, au inasimulia hadithi ya watoto, halafu unakata na kuendelea na kazi zako. Siku hizi namba hizo zimezimwa karibu zote, na watu wazima wa kule wakizikumbuka wanatabasamu kama sisi tunapokumbuka taa ya chemli.

Kwetu Kongo wengi wetu hatukuzitumia. Simu ya waya ilikuwa ya ofisi, ya misioni, ya kampuni na ya nyumba chache za wakubwa. Aliyetaka kupeleka habari mbali alikwenda kwenye foni, akangoja zamu yake, halafu akapaza sauti kueleza mambo ya nyumbani kwake huku watu wote waliopanga mstari wanasikia. Lakini ndugu zetu waliokwenda Ufaransa kusoma au kuishi wanaijua vizuri namba 3699. Wao waliiita saa inayosema.

Namba hiyo ilizaliwa kwa sababu ya usumbufu. Mjini Paris kuna Observatoire, nyumba ya wataalamu wa nyota, ambayo ndiyo iliyotunza saa ya kweli ya nchi. Watu waliotaka kurekebisha saa zao walipiga simu pale. Observatoire ilikuwa na njia moja tu ya simu, na njia hiyo ilikuwa na watu asubuhi hadi jioni, kila mmoja akiuliza swali lile lile. Mwenye kazi muhimu hakuweza kupita. Mkurugenzi wake, Ernest Esclangon, akaona dawa ni kutengeneza mashine itakayojibu swali hilo peke yake.

Mashine ilianza kazi tarehe 14 Februari 1933. Siku ile ya kwanza zilipigwa simu kama 140,000, lakini njia zilikuwa 20 tu, na waliofaulu kusikia jibu walikuwa kama 20,000. Wengine walikuta njia imejaa. Ninyi mnaojua bomba moja la maji kwa avenyu nzima mnaelewa siku ile ilikuwaje.

Sauti ilikuwa ya Marcel Laporte, mtangazaji wa redio ambaye Wafaransa walimwita Radiolo. Msifikiri alikaa chumbani akitaja saa mchana na usiku! Alirekodiwa vipande 90 tu: 24 vya saa, 60 vya dakika, na 6 vya sekunde, yaani kimoja kwa kila sekunde kumi. Mashine ilivichukua vipande hivyo na kuviunga, kama mama anayeshona shuka kwa vipande vya vitenge. Kwa vipande 90 ilitoa matangazo 8,640 kila siku, na hakuna hata moja lililofanana na lingine. Sauti ilisema kwamba kwenye mlio wa nne itakuwa saa fulani, dakika fulani, sekunde fulani. Halafu milio minne, na wewe umeshika saa yako mkononi, kidole tayari.

Uingereza walifuata tarehe 24 Julai 1936, na huko habari inatuhusu zaidi sisi wanawake. Wakati ule waliounganisha simu za watu walikuwa wanawake wengi, wamekaa mbele ya mbao zenye matundu, wanachomeka waya na kuchomoa. Serikali ilifanya mashindano kati ya wafanyakazi hao, kama 15,000, kutafuta sauti nzuri kuliko zote. Aliyeshinda ni Ethel Cain, mfanyakazi wa simu wa London. Zawadi yake ilikuwa gini 10. Sauti yake ilirekodiwa kwenye sahani za kioo, nayo ikataja saa kwa nchi hiyo mpaka mwaka 1963. Hesabuni wenyewe: miaka 27, mchana na usiku, kwa gini 10! Na kwa kuwa namba ya London ilipigwa kwa herufi T, I na M, watu waliizoea huduma hiyo kwa jina la Tim, jina la mwanamume, ingawa aliyesema alikuwa mwanamke. Wamama, mambo kama haya hatuyaoni kwao tu.

Baada ya saa zikaja namba nyingine. Mjini New York watu walipata hali ya hewa kwa simu tangu 1939. London ilianza hiyo mwaka 1956, na polepole Waingereza wakaongeza mapishi, matokeo ya mchezo wa kriketi, muziki, na hadithi za kulaza watoto. Mama aliyechoka aliweza kumwekea mtoto simu sikioni, mtoto akasikiliza hadithi, na yeye akamaliza vyombo.

Kwa nini watu walizipenda hivyo? Dada mmoja wa kikundi chetu, aliyekaa Ufaransa miaka mingi kabla ya kurudi, alinieleza vizuri. Alisema miaka ya kwanza, Kifaransa chake kikiwa bado kizito, aliogopa kuuliza kitu njiani. Ukiuliza saa, mtu anakutazama, anasikia namna unavyosema, na yeye pia anaanza kukuuliza: umetoka wapi, umekuja lini, unafanya kazi gani. Sauti ya simu haikumuuliza kitu. Ilimjibu yeye kama ilivyomjibu waziri, kwa maneno yale yale na upole ule ule. Kama hakusikia mara ya kwanza, alingoja sekunde kumi, ikasema tena bila kukasirika. Anasema namba za Kifaransa, zile ngumu za sabini na tisini, alijifunzia pale.

Tena saa ilikuwa na maana kubwa kwa mtu mwenye familia huku. Bukavu, Goma, Kisangani na Lubumbashi tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Paris nayo inabadilisha saa yake mara mbili kwa mwaka. Wakati wa baridi yao Paris iko sawa na Kinshasa, na sisi wa mashariki tunaitangulia kwa saa moja. Wakati wa joto lao wanakuwa sawa na sisi, na Kinshasa inabaki nyuma. Aliyeagana na mama yake kwamba atapiga kwenye ofisi ya misioni saa fulani, hakutaka kukosea, maana mama ametembea kilomita nyingi kungoja simu hiyo.

Basi, ile 3699 ilizimwa tarehe 1 Julai 2022, baada ya miaka 89 ya kazi. Kampuni ya Orange, iliyoisimamia, ilieleza kwamba mwaka 1991 watu walipiga mara milioni kadhaa, lakini mwaka 2021 walibaki makumi elfu kadhaa tu. Mwishoni kila simu ililipiwa euro 1.50. Nani alipe pesa hiyo kuuliza saa, wakati saa imeandikwa kwenye simu aliyoishika? Ya Uingereza bado inajibu kwa wanaoipenda, lakini hata huko ni jambo la kumbukumbu.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo. Kule walisema hasara si kubwa, kwa sababu habari ile ile inaonekana kwenye kioo cha simu. Ni kweli, kwa mtu anayesoma. Sauti imekwenda, maandishi yamechukua nafasi yake. Na kwetu, je? Ni wamama wangapi katika kikundi chako wanaoshika simu kila siku, wanapiga, wanapokea, wanabipa, lakini ujumbe ulioandikwa ukiingia wanatafuta mtu wa kuwasomea?

Nitawaambia jambo la jirani yetu mmoja. Binti yake yuko mbali, na kila mwezi anajikaza kumtumia mama pesa kwa simu. Ujumbe ukiingia, mama anamwita kijana wa jirani amsomee. Kijana si mbaya. Anasoma kwa sauti kubwa kama walivyomfundisha shule, palepale kiwanjani, kiasi chote, mpaka nukta ya mwisho. Mwezi fulani, kabla ya giza kuingia, watu watatu walikuwa wamefika kumkopa, na wa nne alikuwa shemeji yake, aliyekasirika kwa nini hakuambiwa kwanza. Pesa ile ilikuwa ya dawa za mtoto. Alibaki na nusu yake. Na ile namba ya siri ya kutolea pesa? Kijana anaijua pia, kwa sababu ndiye anayeibonyeza.

Mama huyu hana shida ya akili. Anahesabu faida ya soko kichwani haraka kuliko sisi wenye kalamu. Shida yake ni kwamba kila habari inayomfikia inapita kwanza katika mdomo wa mtu mwingine. Mume, mtoto, jirani, wote wanajua mambo yake kabla yake. Kama ujumbe ule ungekuwa sauti, angeuweka sikioni, akasikia peke yake, akanyamaza, akaenda kununua dawa.

Kwa hiyo ninapowasikia watu wa kule wakikumbuka sauti yao ya zamani kama kitu cha kuchekesha, mimi naona ilikuwa na kazi kubwa kuliko kutaja saa. Ilimwezesha mtu kujua jambo bila kumuuliza mtu, bila kuonekana mjinga, na bila kufungua siri yake. Kazi hiyo kwetu haijaisha.

Hata sisi tuna sauti zetu zilizorekodiwa. Ile inayosema namba unayopiga haipatikani, kila mtoto wa avenyu anaweza kuiiga. Ile inayosema unite zimekwisha tunaijua zaidi ya wimbo. Lakini mara nyingi sauti hizo zinaanza kwa Kifaransa, zinasema haraka, na zinakuambia ubonyeze moja, mbili au tatu kabla hujaelewa moja ni ya nini. Sauti iliyotengenezwa bila kumfikiria anayesikiliza haimsaidii.

Chukueni mfano wa saa yenyewe. Sauti ikisema kwa Kifaransa mje saa 8 asubuhi, kwetu hiyo ni saa mbili. Mama anayebadilisha neno kwa neno atafika saa nane, mchana, jasho linamtoka na mtoto mgongoni, akute mlango umefungwa. Kosa si lake. Aliyerekodi alipaswa kusema saa mbili asubuhi, kwa Kiswahili kama tunavyohesabu sisi, tangu jua linapochomoza.

Sasa tufanye nini? Hatuwezi kujenga mashine kama ya Paris. Lakini simu nyingi ndogo za leo zina kifaa cha kurekodi, na karibu kila kikundi kina walau mama mmoja mwenye simu kubwa. Hayo yanatosha kuanza. Nina mambo manne ya kuwashauri.

Kwanza, kila kikundi kichague mama mwenye sauti wazi, asiyesema haraka, arekodi habari fupi ambazo wote wanazihitaji. Habari moja, rekodi moja, isizidi dakika moja. Mfano ni chanjo za mtoto: anapozaliwa, juma la 6, juma la 10, juma la 14, halafu mwezi wa 9, siku ya surua. Kabla ya kurekodi, mwulizeni muuguzi wa kituo chenu cha afya ahakikishe mpango wa eneo lenu na siku za chanjo. Rekodi nyingine iwe siku ya mkutano, nyingine zamu za likelemba. Mtu akitaka kukumbuka, asikilize. Kutoka simu hadi simu rekodi inaweza kupita kwa bluetooth, bila unite hata moja. Na kama wamama wengi wanasikia vizuri zaidi Kishi, Kinande, Kilega au Kibembe, rekodini kwa lugha hiyo pia.

Tuige namna ya ile mashine ya zamani: maneno machache, kila mara kwa mpangilio ule ule, na namba isemwe mara mbili. Anayesikiliza kwa simu hawezi kurudisha macho juu ya mstari. Tena msifanye utangulizi mrefu wa salamu. Salamu tunazipenda, lakini mama aliye na mtoto mgonjwa usiku anataka jibu.

Pili, mradi au kampuni ikija kuwaambia kwamba habari zitatumwa kwa ujumbe, mwulizeni anayeleta: na wasiosoma watazipataje? Ombeni sauti, ombeni Kiswahili chetu, na ombeni kuisikiliza kabla haijaanza kutumika. Swali hilo liulizwe kwenye mkutano, mbele ya wote, liandikwe katika kaye ya kikundi. Mama mmoja akiuliza peke yake atajibiwa kwa tabasamu. Wamama thelathini wakiuliza watajibiwa kwa kazi.

Tatu, sauti ni kazi. Ikiwa mradi wenye pesa unataka mama wa kikundi chenu arekodi matangazo yatakayosikika mji mzima, mkubaliane kwanza malipo yake, na sauti yake itatumika kwa muda gani. Mkumbukeni Ethel Cain na gini zake 10. Sauti ya mwanamke inapendwa kwa sababu ina upole, lakini upole si sababu ya kufanya kazi bure miaka yote.

Nne, sauti isichukue nafasi ya darasa la kusoma. Wale wanaoanza alfabeti katika vikundi vyetu wasiache. Nawaomba walimu wao jambo moja: anzeni na tarakimu. Mama akishajua kusoma 0 mpaka 9 anaweza kutambua kiasi kilichoingia kwenye simu yake, kubonyeza namba ya siri kwa kidole chake mwenyewe, na kusoma saa. Barua ndefu zitakuja baadaye. Na kwa wenye namba za siri zinazojulikana na watoto wa jirani, zibadilisheni juma hili. Mama mwenzako unayemwamini akuonyeshe hatua, halafu ageuke upande mwingine wakati unabonyeza.

Kuna wamama watakaosema: sisi tuna redio, inatosha. Redio ni kitu kizuri, na wengi wetu tumerekebisha saa zetu kwa milio yake kabla ya habari. Lakini redio inasema inapotaka yenyewe. Mtoto akipata homa saa tisa ya usiku, redio inaimba. Uzuri wa ile namba ya zamani ni kwamba ilikujibu saa uliyoihitaji wewe. Rekodi iliyo ndani ya simu yako ina uzuri huo huo. Unaifungua wakati wowote, hata pasipo mtandao, bora betri isizime.

Ndugu wa Ufaransa wanaikumbuka sauti yao kwa upendo, na wana haki. Iliwahudumia watu wengi bila kuchagua, na kwa swali lile lile lililokuwa limewachosha wataalamu wa nyota. Sisi hatuna sauti ya namna hiyo ya kukumbuka, basi tuitengeneze sasa, wakati wamama wanaoihitaji wako hai na wanajua wanachotaka kusikia.

Kwa mkutano wenu ujao nawaachia swali moja la kujadili: kama kikundi chenu kingerekodi habari moja tu juma hili, ingekuwa ipi, na nani angeisema? Leteni majibu kwa mama katibu wa tawi lenu, nami nitayaandika hapa ili vikundi vingine vijifunze. Asiyeandika amwambie katibu kwa mdomo, au arekodi!

Mbaki na amani nyumbani kwenu. Tuonane juma lijalo.